Huduma ya timu katika tiba ya familia ni nini?

Nianze na daktari wa familia, maana wengi humdhania kuwa daktari binafsi wa nyumba ya tajiri. Sivyo. Ni daktari bingwa aliyesomea kuwatibu watu wa rika zote, wenye maradhi ya kila aina, na kuwafuatilia miaka nenda miaka rudi. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafunza mabingwa hawa mwaka 2005. Bado ni wachache mno, na hata wangekuwa wengi, kazi hii haibebwi na mtu mmoja.

Hapo ndipo inapoingia huduma ya timu: wahudumu wa fani mbalimbali kulea pamoja afya ya watu walewale, kwa mpango mmoja wanaoujua wote.

Shika hayo maneno, mpango mmoja. Kupanga foleni kwenye dirisha la kadi, ukaenda kwa daktari, maabara, kisha dirisha la dawa, si huduma ya timu hata ukihudumiwa na watu sita. Kila mmoja amemaliza lake akakusukuma mbele. Kwenye timu, anayetoa dawa akigundua kuwa zile za mwezi uliopita hukuzimeza, aliyekuandikia atajua.

Tuseme kuna mama wa miaka 58 mwenye kisukari na presha. Mhudumu wa afya ya jamii anampitia nyumbani, anampima, na anaona jambo ambalo daktari asingeliona akiwa kliniki: mama anaruka vidonge vya asubuhi kwa sababu ameambiwa avimeze baada ya kula, na asubuhi hakuna chakula. Habari hiyo inafika kituoni. Tabibu anapanga upya saa za dawa. Muuguzi anamkagua miguu, maana kidonda kidogo cha mwenye kisukari kinaweza kumgharimu mguu. Mtaalamu wa lishe anazungumza naye juu ya ugali uleule anaokula na kiasi cha kupakua, badala ya kumtajia vyakula asivyoweza kuvinunua. Daktari wa familia anaingia mambo yanapotatiza, kwa mfano vipimo vikionyesha figo zimeanza kudhoofika. Mama mwenyewe yumo katika timu hiyo, na binti yake anayemnunulia dawa pia. Wakiachwa nje, mpango huo ni karatasi tu.

Kenya imeuweka utaratibu huu katika Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023. Zahanati na vituo vya afya huunganishwa na hospitali moja ya ngazi ya nne, yaani hospitali kubwa kuliko vituo hivyo, kama vijito na mto, na timu ya fani mbalimbali huhudumia eneo zima. Mwaka huohuo wahudumu wa jamii wapatao 100,000 walipewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari, kila mmoja akitarajiwa kuangalia kaya 100 hivi. Posho iliyokubaliwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti. Kwangu mimi hiyo posho si jambo dogo: mhudumu huyo wa jamii ndiye jicho la timu ndani ya nyumba, na asipolipwa kwa wakati hataendelea kupiga hodi.

Kuna kosa moja la kuangalia. Kugawana kazi si kumtupia muuguzi kila ambacho daktari hana muda nacho. Kila mmoja hufanya alichofunzwa, na ajue ni wakati gani wa kumwita mwenzake. Ndiyo maana timu huhitaji faili moja la mgonjwa na kikao cha mara kwa mara, hata cha dakika 15 kabla ya milango kufunguliwa: nani hakuja kliniki wiki iliyopita, na nani leo atapita kwake kumwangalia.