Mahubiri ya kihamba yana mwezi wake

Nafundisha somo la mahubiri hapa Moshi, na wanafunzi hawakosi kuniletea mahubiri "makali". Mengi yanawachapa watu wasiokuwepo ibadani: Wazungu na ndoa zao, wasanii na mavazi yao, manabii na mafuta ya upako. Watu 20 walipokufa wakikanyagana kuyakimbilia mafuta hayo uwanja wa Majengo, Februari 1, 2020, sisi wa makanisa ya zamani tulipata la kusema. Lililokuwa gumu ni kuuliza kwa nini baadhi ya washarika wetu walikuwa kwenye foleni ile.

Mimi huwapa jaribio moja: nenda kahubiri habari ya kihamba.

Msomaji wa mbali aelewe kwamba kihamba si shamba tu. Ni migomba, kahawa, nyumba ya baba na makaburi ya wazee. Kwa desturi ya Wachagga kinashuka kwa wana wa kiume, hasa wa kwanza na kitinda mimba. Binti aliyerudi nyumbani ndoa ikiwa imevunjika anaambiwa yeye ni wa kupita. Mjane asiye na mtoto wa kiume anaanza kuulizwa maswali kabla matanga hayajaisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, fungu la 20, imeshabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, lakini nani anaibeba sheria hiyo kwenye kikao cha ukoo?

Andiko lipo. Hesabu 27: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, binti za Selofehadi, wanasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wanadai urithi wa baba yao. Musa hajibu kwa mila wala kwa huruma yake. Analipeleka shauri mbele za Bwana, na Bwana anawapa haki. Hapo wahubiri wengi hufunga Biblia na kuanzisha pambio. Ngoja kwanza. Sura ya 36 wazee wa ukoo wanarudi na malalamiko, kwamba mabinti wakiolewa kabila lingine ardhi itahama, na wanasikilizwa: mabinti waolewe ndani ya kabila la baba yao. Ukiiruka sura hiyo, mzee mmoja atakusomea mlangoni, tena kwa haki. Isome wewe mwenyewe, kisha uonyeshe kwamba hata baada ya malalamiko yale hakuna aliyewanyang'anya urithi wao. Yoshua 17 wanakabidhiwa.

Nabothi wa 1 Wafalme 21 naye ana wapenzi wengi huku kwetu, maana alikataa kumuuzia mfalme Ahabu shamba la mizabibu, urithi wa baba zake. Mimi humtazama zaidi Yezebeli, mke wa mfalme, aliyemwua Nabothi ili mumewe alipate shamba. Hakuiba usiku. Aliandika barua, akapiga mhuri, akaitisha kikao cha wazee wa mji, akatafuta mashahidi wawili. Kila kitu kilikuwa na utaratibu wake. Mhubiri akizitaja taratibu hizo, moja baada ya nyingine, hana haja ya kuongeza mfano wa kijijini.

Wala asiongeze. Siri aliyoletewa ofisini na mjane haipandi mimbarini, hata kwa mafumbo. Usharika mzima utajua ni nani, na atakayelipa ni yule mama. Vijembe ni woga uliopewa kipaza sauti.

Kinachowafunga midomo wengi hakina theolojia ndani yake. Ni mnada wa sadaka za mazao baada ya ibada. Mzee anayeununua mkungu wa ndizi mara tatu ya bei ya sokoni, na ambaye ujenzi wa kanisa unamtegemea, pengine ndiye mwenyekiti wa kikao kilichomtoa dada yake kihambani. Mchungaji analijua hilo akiwa bado anavaa joho. Ndiyo maana nawashauri wakae na baraza la wazee mapema, wasome nao sura zote mbili za Hesabu, ili Jumapili ikifika neno lisionekane la mchungaji peke yake. Hata hivyo anaweza kuhamishwa, na ni vizuri mwenzake nyumbani alijue hilo kabla ya Jumapili yenyewe.

Kisha kuna suala la tarehe. Ndugu wanapanda kutoka Dar kwa ajili ya Krismasi, na vikao vya ukoo hukaa siku hizo hizo. Mwanafunzi akiniletea ratiba yenye Hesabu 27 katikati ya Januari, magari yakiwa yameshashuka, namrudishia airekebishe.