Bayocha: mkaa wa kufukia shambani

Bayocha ni mkaa. Ukishashika hilo umeshaelewa nusu ya habari, tofauti ni kwamba mkaa wa jikoni unatengenezwa ili uchomwe, na bayocha inatengenezwa ili ifukiwe kwenye udongo ibaki huko huko, alafu malighafi yake inatakiwa iwe mabaki ya shamba na sio magogo ya msituni: pumba za mpunga, magunzi, mabua, maganda ya kahawa, vifuu vya nazi, matawi yaliyopogolewa, yaani vile vitu ambavyo kila msimu tunavitia kiberiti ili vitupishe tu.

Sasa mabadiliko ya tabianchi yanaingiaje hapo? Twende taratibu. Mpunga ukiwa unakua unavuta hewa ukaa kutoka angani unaigeuza kuwa shina, majani, punje na ganda la punje, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito mkavu wa mmea wowote, asilimia 40 mpaka 50 hivi, ni kaboni iliyotoka hewani. Mkishavuna, mabaki yakiungua kaboni inarudi angani siku hiyo hiyo, na yakiachwa yaoze inarudi karibu yote ndani ya miaka michache. Hakuna kilichopungua. Ila ukiyapika yale mabaki kwenye joto la nyuzi 350 mpaka 700 huku umeunyima moto oksijeni ya kutosha, hayateketei, yanatoa mvuke na gesi na kinachobaki ni kaboni iliyojipanga kwa pete pete zilizoshikana sana, kiasi kwamba bakteria na fangasi wa udongoni wanashindwa kuila. Karibu nusu ya kaboni iliyokuwa kwenye mabaki inabaki kwenye huo mkaa na hiyo nusu ndo hoja yote, kwa sababu haiozi kama samadi inavyooza. Kuna uchambuzi wa mwaka 2016 uliojumlisha majaribio mengi, ukakadiria kwamba sehemu kubwa ya kaboni ya bayocha, kama asilimia 97, inakaa udongoni kwa wastani wa miaka 556. Hata ukiikata namba hiyo mara mbili bado ni muda mrefu kuliko umri wa miti mingi utakayoipanda leo.

Na hii sio ya kwenye makaratasi tu. Kule Amazon, Brazil, udongo wa asili sehemu nyingi ni wa njano au mwekundu na umechoka, mvua zimeshausomba virutubisho vyote, lakini katikati yake kuna viraka vya udongo mweusi tii wanaouita terra preta. Ukichimba unakuta vipande vya mkaa, vigae vya vyungu na mifupa ya samaki, yaani ni watu waliokaa hapo, wengine zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, ndo waliutengeneza. Watu wenyewe walishaondoka lakini mkaa wao bado upo na mazao bado yanastawi hapo kiasi kwamba kuna wanaouchimba na kuuza. Mtaalamu wa udongo Wim Sombroek aliuandika mwaka 1966, na baadaye kina Johannes Lehmann wa Chuo Kikuu cha Cornell wakaanza kuuliza, je sisi tunaweza kufanya hivo makusudi?

Hesabu yake ni rahisi, mtu asikuzungushe. Kilo moja ya kaboni ikiungua inatoa kilo 3.67 za hewa ukaa, kwa hiyo ukijua mkaa wako una kaboni kiasi gani unazidisha tu. Bayocha ya mti mgumu inaweza kuwa na kaboni 75 kwa mia, maana yake tani moja imefungia karibu tani 2.7 za hewa ukaa. Bayocha ya pumba ni tofauti kwa sababu pumba zina silika nyingi, yaani madini kama ya mchanga, karibu nusu ya uzito wa mkaa wake ni majivu, kwa hiyo tani moja imefungia kama tani moja na nusu hivi, alafu unapunguza kidogo kwa ile sehemu itakayooza na kwa moshi uliotoka wakati wa kupika. Kwa dunia nzima, utafiti wa mwaka 2010 ulipiga hesabu kwamba tukitumia mabaki pamoja na mimea ya kupandwa kwenye ardhi iliyochoka na kuachwa, bila kugusa misitu wala mashamba ya chakula, bayocha ingeweza kufidia mpaka asilimia 12 ya gesi za kupasha dunia joto zilizokuwa zinatolewa kila mwaka wakati ule. Ni kubwa, ila soma tena: 12. Hizo nyingine 88 haziondoki mpaka tuache kuchoma mafuta na makaa ya mawe, na anayekwambia bayocha inatosha peke yake anakudanganya.

Kwa mkulima lakini, mimi naona tuanze na udongo, hewa ukaa iwe nyongeza. Nani atabeba magunia ya mkaa mpaka shambani kwa ajili ya anga? Bayocha ukiiangalia kwa hadubini imejaa vitundu kama sponji, vinashika maji na vijidudu vinapata pa kukaa, na uso wake kadiri unavyozeeka unapata chaji hasi inayodaka potasiamu, kalsiamu na amoniamu (aina ya naitrojeni) ambavyo mvua ingevisomba. Alafu yenyewe mara nyingi ni alkali, kwa hiyo inapunguza tindikali ya udongo kama chokaa inavyofanya. Ndo maana inafanya vizuri kwenye nchi za joto zenye udongo mchachu uliochoka kuliko Ulaya: uchambuzi wa mwaka 2017 ulikuta mavuno yanaongezeka wastani wa asilimia 25 kwenye tropiki, na kule kwenye baridi karibu hakuna kilichoongezeka. Magharibi mwa Kenya walijaribu kwenye mashamba yenye umri tofauti tangu msitu ufyekwe, mengine yamelimwa kama miaka 100, na matokeo yaliyotoka 2008 yalionyesha kwenye udongo uliochoka kabisa mahindi yaliongezeka karibu mara mbili, wakati kwenye shamba jipya lenye rutuba faida ilikuwa ndogo. Kwa hiyo kama udongo wako uko sawa usitegemee muujiza, na kama ni wa magadi kuwa mwangalifu, inaweza kuuzidishia ualkali.

Kutengeneza kwa pumba hauhitaji mtambo. Unachukua debe au pipa dogo la bati, unalitoboa matundu pande zote, unalichomeka bomba la bati juu liwe kama dohani, unawasha moto wa vijiti chini alafu unalifunika na debe, unazungushia pumba kama kichuguu. Pumba za ndani zinaanza kuwa nyeusi, weusi unatembea kuja nje polepole, na kazi yako ni kukaa hapo na koleo unazivuta zilizo nje ziingie juu ya zilizoiva. Hapa ndo wengi wanaharibu. Ukiona kijivu umechelewa, hiyo inageuka majivu na kaboni yako inaondoka. Zikishakuwa nyeusi zote unatandaza na kumwaga maji mengi, unageuza, unamwaga tena, kwa sababu lundo linaonekana limezima kumbe ndani linawaka na asubuhi utakuta jivu. Kwa matawi na magunzi watu wanachimba shimo la umbo la koni, wanawasha juu na kuongeza tabaka kwa tabaka, ule mwali wa juu ndo unakula moshi na oksijeni isifike chini. Huo mwali ni muhimu, tanuri linalofuka moshi mzito linatoa masizi na methani, ambayo ni gesi inayopasha dunia joto kuliko hewa ukaa, na hapo faida kwa tabianchi inapungua sana.

Usiitie shambani ikiwa kavu na mpya. Bayocha mbichi ina njaa, inaweza kunyonya naitrojeni ya udongo na mahindi yako yakawa ya njano msimu wa kwanza, watu wengi wanakata tamaa hapo. Ichanganye na samadi au mboji iliyolowa, au mkojo wa mifugo, ikae wiki kadhaa, alafu uitie kwenye mashimo ya kupandia badala ya kuitawanya shamba zima, inatosha kidogo na inafika kwenye mizizi. Na kwa sababu haiozi, hautii kila mwaka kama mbolea. Mwea, Kenya, kuna kampuni ya Safi Organics inayotengeneza mbolea kwa pumba za mpunga zilizopikwa hivi, na ukipita sehemu zetu za mpunga kama Mbeya au Kahama na kuona vilima vya pumba nje ya mashine za kukobolea unaelewa malighafi ilivyo nyingi.

Jambo moja linanikera nalo ni pale mtu anaposikia bayocha inalipa na kukimbilia kukata miti. Mti uliosimama tayari umeshika kaboni, ukiukata na kuupika umepoteza nusu yake papo hapo, na misitu yetu imeshaliwa vya kutosha na mkaa wa mjini. Bayocha ya mti uliokatwa kwa ajili hiyo sio suluhisho la tabianchi hata kidogo.

Na pesa ipo kweli, makampuni makubwa kama Microsoft yamenunua kredi za kaboni za bayocha, yaani hati za kuthibitisha tani za hewa ukaa zilizofungiwa, na tani moja mara nyingi imeuzwa zaidi ya dola 100, tofauti na kredi za kupanda miti ambazo bei yake mara nyingi iko chini. Ila ili tani ihesabiwe lazima mkaa upimwe maabara, mabaki yajulikane yametoka wapi na ithibitishwe kwamba umeingia kwenye udongo na haukuishia kwenye jiko la mtu. Mkulima mmoja mmoja hawezi hizo gharama, inabidi iwe kikundi au chama cha ushirika, kwa hiyo akija mtu na mkataba wa kredi muulizeni kwanza nani analipia vipimo, mkulima anapata shilingi ngapi kwa kila tani, na ile bayocha yenyewe inabaki kwenye shamba la nani.