Kufuli kwenye tovuti halimthibitishi muuzaji

Kuna ujumbe wa miaka mingi unaozungushwa kwenye magrupu: "Kabla ya kulipa, tazama kama kuna kufuli juu ya ukurasa. Likiwepo, duka ni halali, lipa bila wasiwasi." Kutazama hakuna ubaya. Hilo la kulipa bila wasiwasi ndilo si kweli.

Kufuli, pamoja na herufi https, linasema jambo moja tu: mawasiliano kati ya simu yako na tovuti hiyo yamefumbwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Aliye upande wa pili ni nani, halisemi. Hati inayoleta kufuli hupatikana bure kwa dakika chache, na tapeli huipata kama mfanyabiashara yeyote.

Mkanganyiko unaeleweka, maana zamani hati hizo zilikuwa za kulipia na matapeli wengi hawakujisumbua. Hata kivinjari kimoja maarufu kiliondoa alama ya kufuli mwaka 2023, kwa kuwa watu waliielewa vibaya.

Ukitaka kuhakiki, tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma kurudi kushoto. Katika dukalangu.co.tz.ofaleo.xyz/simu, tovuti yenyewe ni ofaleo.xyz, hiyo "co.tz" ya katikati ni pambo. Halafu angalia bure, kwenye huduma za whois (kurasa zinazoonyesha usajili wa anwani za tovuti), anwani ilisajiliwa lini. Duka linalojisifu kwa miaka kumi sokoni huku anwani ina wiki tatu, mimi silipi hata nauli ya bodaboda.

Ujumbe huo ukikufikia tena, usiusambaze. Mjibu aliyeutuma, kwa upole, kwamba sentensi ya mwisho ina kasoro.