Askari aliyekushtaki gerezani siye anayekuhukumu

Wengi huamini kwamba askari magereza akikushika na kosa, yeye mwenyewe ndiye anakuadhibu. Katika magereza ya serikali kuu ya Marekani, sivyo. Makosa makubwa husikilizwa na afisa maalumu wa nidhamu, ambaye haruhusiwi kuwa shahidi, mwathirika wala mpelelezi wa tukio hilo. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Wolff dhidi ya McDonnell, 1974, mfungwa anayeweza kupoteza siku za punguzo la kifungo lazima apewe shtaka kwa maandishi angalau saa 24 kabla, na baadaye apewe sababu za uamuzi, pia kwa maandishi.

Lakini tusidanganyane, hapo si mahakamani. Hakuna haki ya wakili, shahidi anaweza kukataliwa kwa sababu za usalama, na afisa mwenyewe ni mwajiriwa wa magereza. Tena tangu 1985, "ushahidi kiasi" tu unatosha. Kisu kikikutwa kwenye seli ya watu wawili, wote wawili wanaweza kutiwa hatiani. Kwangu mimi, hicho ni kipimo chepesi mno kwa adhabu inayomwongezea mtu siku gerezani.