Je, wajua kwa nini kampuni inaweza kukaa miaka bila kujua ni nywila ngapi zimeibwa?

Mwizi wa nywila haondoki na kitu, ananakili tu. Faili inabaki palepale kwenye seva na watumiaji wanaendelea kuingia kama kawaida, kwa hiyo taarifa za wizi wa namna hii mara nyingi hutoka nje ya kampuni.

Ndivyo ilivyokuwa kwa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi. Juni 2012, kwenye jukwaa moja la Kirusi mtandaoni, ilibandikwa orodha ya heshi milioni 6.5, yaani nywila zilizofichwa kihesabu, bila kutajwa zilikotoka. Waliozivunja wakakuta nywila nyingi zina neno "linkedin" ndani yake. Wengine wakaona humo nywila zao wenyewe, ambazo hawakuzitumia popote pengine. Tarehe 6 Juni kampuni ikakiri.

Heshi ni nini? Nywila ikipitishwa kwenye kanuni maalumu ya hesabu, hutoka mfuatano wa herufi na tarakimu usioweza kurudishwa nyuma; kuuvunja ni kukisia nywila mpaka ipatikane inayotoa mfuatano uleule. Seva hutunza mfuatano huo, si nywila yenyewe. LinkedIn ilitumia kanuni ya SHA-1 bila kumwongezea kila mtumiaji tarakimu zake za nasibu, na hapo ndipo penye kasoro kubwa: wote wenye nywila 123456 walikuwa na heshi ileile. Ukiivunja moja umewapata wote. Na kwa kuwa orodha ile haikuwa na heshi zilizojirudia, idadi yake haikuweza kuonyesha ni watu wangapi walioibiwa.

Wachunguzi walirudi kwenye kumbukumbu za seva. Humo waliona akaunti ya mhandisi mmoja ikiingia kwenye mtandao wa ndani kutoka Urusi, ilhali mwenyewe yuko California. Mdukuzi alikuwa ameanzia kwenye kompyuta ya nyumbani ya mhandisi huyo. Mdukuzi huyo, Mrusi Yevgeniy Nikulin, alikamatwa Prague mwaka 2016, na mwaka 2020 mahakama ya San Francisco ikamfunga miezi 88.

Lakini kumbukumbu hueleza vizuri zaidi nani aliingia kuliko alichonakili. Mwaka 2012 LinkedIn ilifuta nywila za wale tu iliodhani wameguswa. Kwa maoni yangu ilipaswa kufuta zote siku ileile, maana Mei 2016 barua pepe na nywila za watu milioni 117 ziliwekwa sokoni, na nyingine bado zilikuwa zinafungua akaunti.