Athari kubwa ya nyumba yako kwa mazingira inatoka wapi? Tazama joto, chakula na umri wa vitu

Katika kazi yetu ya kutoa elimu ya mazingira kwa umma, maswali mengi tunayopokea huhusu mambo mawili: mifuko ya plastiki na kuzima taa. Wanaouliza wana nia njema, na wengi wameshaanza kuchukua hatua nyumbani kwao. Kwa kuheshimu juhudi hizo, inafaa kuwaambia waziwazi kwamba mambo hayo mawili yana faida, ila mzigo mkubwa wa nyumba nyingi hauko huko. Uko jikoni, bafuni, kwenye tangi la gari, na katika tabia ya kununua kitu kipya wakati cha zamani bado kinafanya kazi.

Tuanze na umeme, maana una mita na hesabu zake hazina ubishi. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Taa ya LED ya wati 10, ambayo hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60, inawaka saa 100 kwa uniti moja. Sasa angalia maji ya kuoga. Kupasha lita 50 za maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 40 kunakula uniti 1.16 hivi, hata kabla ya kuhesabu joto linalopotea kwenye mabomba. Bomba la mvua linalotoa lita 10 kwa dakika humaliza lita hizo kwa dakika tano tu. Kwa hiyo anayepunguza dakika tano za kuoga maji ya moto ameokoa umeme wa kuwasha taa ile saa tano kila jioni kwa zaidi ya wiki tatu.

Hesabu hiyo moja inatosha kukuonyesha pa kuanzia. Kifaa kinachopasha joto au kupoza ndicho kinachokula umeme: hita ya maji, jiko, pasi, kiyoyozi, mashine ya kukausha nguo, friji. Vinavyotoa mwanga na sauti hula kidogo. Simu ndiyo inayolaumiwa bure kuliko vyote. Kuchemsha lita moja ya maji kunatumia umeme unaotosha kuchaji simu yenye betri ya mAh 5,000 mara nne au tano. Ukijaza birika la umeme ili unywe kikombe kimoja cha chai, umeshatumia chaji ya siku kadhaa. Pima maji kwa kikombe utakachonywea, basi.

Vifaa vinavyobaki kwenye soketi bila kuzimwa vinahitaji kutofautishwa. Runinga nyingi za miaka ya karibuni hutumia nusu wati au chini ya hapo zikiwa zimezimwa kwa rimoti, na kwa mwaka mzima hiyo haifiki uniti tano. King'amuzi cha zamani kinachovuta wati 10 mchana na usiku kinamaliza karibu uniti 88 kwa mwaka. Shika kifaa hicho kwa mkono wakati hakuna anayetazama runinga: kikiwa na joto, kinakula, na hicho ndicho cha kuchomoa.

Jikoni ndipo ningependa tukae zaidi, kwa sababu hapo mabadiliko hayagharimu chochote. Maji yakishachemka, joto lake halipandi tena hata ukiongeza moto kiasi gani. Kwenye usawa wa bahari yatabaki nyuzijoto 100, na chakula kitaiva kwa kasi ileile. Moto wa ziada unageuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo ni ghali mno: kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji nishati karibu mara saba ya ile iliyotumika kuyachemsha kutoka nyuzijoto 20. Sufuria isiyo na mfuniko juu ya moto mkali inapeleka nishati hiyo yote darini. Funika, subiri ichemke, kisha punguza moto hadi uone mapovu madogo yakipanda polepole. Kunde na nafaka kavu ziloweke tangu usiku, umwage maji ya kulowekea, uanze na maji mapya.

Kuna mbinu nyingine ya zamani ambayo nashangaa haitumiki zaidi, nayo ni kapu la joto. Chukua kapu au boksi imara, litandike matambara au blanketi nene chini na pembeni. Chakula chenye mchuzi au maji kikishachemka vizuri kwa dakika 10 hadi 15, kitoe motoni bila kufunua mfuniko, kiweke ndani, kisha kishindilie kwa nguo nyingine juu hadi pasiwe na upenyo. Kitaendelea kuiva chenyewe kwa saa kadhaa. Usikiache humo usiku kucha, maana kikishuka chini ya nyuzijoto 60 vijidudu huanza kuzaana. Kipashe moto upya kabla ya kula. Maharagwe mekundu lazima yachemke kwa nguvu motoni kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya kuingia kapuni, kwa kuwa yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko kamili, na joto la wastani haliiondoi.

Kwa kaya inayopikia kuni au mkaa, suala la kwanza ni mapafu ya mpishi na ya mtoto aliye karibu naye. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya ndani ya nyumba ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Mkaa nao una hasara ambayo mnunuzi haioni: katika tanuri za udongo za kawaida, kilo moja ya mkaa hutumia kilo nyingi za kuni, mara nyingi tano hadi kumi. Kaya iliyo na uwezo wa kuhamia gesi au umeme ihame. Isiyoweza kwa sasa itumie kuni zilizokauka kabisa, ipikie mahali hewa inapopita, itafute jiko banifu, na itumie kapu la joto hata zaidi ya wengine.

Tukitoka kwenye moto tuingie kwenye sahani. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa chakula tani bilioni 1.05 kilitupwa mwaka 2022 na kaya, migahawa na maduka, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani. Hicho cha majumbani pekee ni wastani wa kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Kila kilo inayotupwa ilishalimwa, ikamwagiliwa, ikasafirishwa, ikapozwa na pengine ikapikwa, kwa hiyo mara nyingi chakula chenyewe kina uzito mkubwa kwa mazingira kuliko kifungashio tunachokilalamikia.

Dawa yake haihitaji elimu kubwa. Kabla ya kwenda kununua, fungua friji uone kilichopo. Kilichonunuliwa kwanza kikae mbele, kipya kiende nyuma. Kiporo kiwekwe kwenye chombo kinachoonyesha kilichomo, kama cha kioo, kwa sababu kilichofichwa ndani ya sufuria husahaulika hadi kinuke. Soma pia tarehe zilizoandikwa kwenye vifungashio, maana zipo za aina mbili. "Tumia kabla ya" inahusu usalama na iheshimiwe. "Bora kabla ya" inahusu ladha na ubora tu, na chakula kikavu kilichohifadhiwa vizuri mara nyingi kinafaa hata baada ya tarehe hiyo. Watu wengi huchanganya hizo mbili na kutupa chakula kizima.

Nyama ya ng'ombe, mbuzi na kondoo iko katika kundi lake. Wanyama hawa hucheua, na matumbo yao hutengeneza gesi ya methani wanayoitoa kwa kubeua. Katika kipindi cha miaka 20, methani hukamata joto takriban mara 80 kuliko hewa ukaa (kaboni dioksidi) ya uzito huohuo. Si lazima mtu aache nyama. Akipunguza siku za kuila na kuweka kunde mahali pake, tofauti ni kubwa kuliko ile ya kuhangaika na chakula kimesafirishwa umbali gani.

Methani hiyohiyo hutoka kwenye mabaki ya chakula yaliyofukiwa jalalani, yanapooza bila hewa. Kwenye mboji iliyotunzwa vizuri hewa inaingia, na methani inayotoka ni kidogo sana. Changanya maganda na mabaki mabichi na vitu vikavu kama majani makavu au maboksi yaliyochanwa, vikavu vizidi vibichi kwa ujazo, na ugeuze kila wiki moja au mbili. Kupima unyevu, chota konzi moja na uiminye kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu, iko sawa. Maji yakichuruzika, ongeza vikavu. Konzi ikipukutika, nyunyizia maji. Mboji inayonuka vibaya imekosa hewa, na kuigeuza mara moja na kuongeza vikavu kwa kawaida hutosha.

Naomba hapa niseme jambo kwa msisitizo: usichome taka nyumbani, hasa plastiki. Moto wa uani hauna joto la kutosha wala hewa ya kutosha kuziunguza kikamilifu, na plastiki zenye klorini, kama za PVC, hutoa sumu za dioksini ambazo hudumu kwenye udongo na kujikusanya katika mafuta ya wanyama na binadamu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, unaohusu kemikali za sumu zinazodumu katika mazingira, unataja uchomaji wa taka mahali pa wazi miongoni mwa vyanzo vya sumu hizo. Moshi huo wa kwanza kuuvuta ni wewe na jirani yako. Taka zikusanywe na zipelekwe panapohusika, hata kama ni usumbufu.

Maji yana jambo moja tu nitakalolitaja, kwa kuwa mengine yanajulikana: koki inayovuja. Tega glasi ya mililita 250 chini yake. Ikijaa kwa dakika 15, unapoteza lita 24 kwa siku, zaidi ya lita 8,700 kwa mwaka. Mara nyingi ni kipira kidogo cha ndani kilichochakaa. Kwa tangi la choo, tia rangi ya chakula kwenye maji yake na usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, kuna uvujaji.

Kwa wenye gari, lita moja ya petroli ikiungua hutoa hewa ukaa kilo 2.3 hivi. Inazidi uzito wa petroli yenyewe kwa sababu kaboni iliyomo hujiunga na oksijeni ya hewani. Safari fupi ndizo mbaya zaidi kwa kila kilomita, kwani injini baridi hunywa zaidi. Safari inayowezekana kwa miguu itembewe, shughuli tatu za upande mmoja wa mji zifanywe kwa mzunguko mmoja, na upepo wa matairi ukaguliwe kila mwezi.

Limebaki suala la umri wa vitu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Shati moja la pamba la gramu 250 linatumia maji kama lita 2,500 hadi likamilike. Kifaa cha umeme nacho sehemu kubwa ya madhara yake yanaweza kuwa yameshatokea kiwandani na migodini kabla hujakiwasha. Kwa simu hali ni hiyo hasa. Taka za kielektroniki zilifika tani milioni 62 duniani mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa. Kubadilisha betri au skrini na kuitumia simu miaka miwili zaidi ni hatua kubwa kuliko kuchomoa chaja kila asubuhi. Hata mfuko wa pamba unaosifiwa unahitaji kutumika sana: utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Denmark wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba lazima utumike angalau mara 52 ndipo ulingane na mfuko wa kawaida wa plastiki wa dukani kwa athari ya tabianchi. Mfuko bora ni ule ulio nao tayari, wa aina yoyote, ukiutumia hadi uchanike.

Friji ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi inapofika mwisho wa maisha yake. Ikiwa bado inafanya kazi, bana karatasi mlangoni na uivute. Ikitoka kirahisi, mpira umelegea na ubaridi unavuja, na kubadilisha mpira ni nafuu kuliko kubadilisha friji. Ikiwa imekufa, usimruhusu mtu akate bomba lake ili auze shaba. Friji nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1990 zina gesi ya HFC-134a, ambayo hukamata joto zaidi ya mara 1,300 kuliko hewa ukaa katika miaka 100. Gramu 150 zikitoka hewani ni sawa na karibu kilo 200 za hewa ukaa, kama kuchoma lita 85 za petroli kwa sekunde chache. Gesi za kundi hilo la HFC ndizo ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza kwa Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni. Mwite fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi na kuihifadhi kwenye mtungi, na umwulize swali hilo kabla hajafika. Ukinunua friji mpya, soma kibandiko kilicho nyuma yake na utafute gesi ya R600a, ambayo athari yake kwa joto la dunia ni ndogo mno. Gesi hiyo inashika moto, kwa hiyo mwonyeshe fundi kibandiko hicho kabla hajawasha kifaa chake cha kuchomelea.