Soketi ya nyuma ya pikapu: tundu si kazi, kazi ni waya

Daktari mmoja wa mifugo aliniletea Hilux yake dabo kebini hapa Arusha, nyuma kukiwa na friji ndogo ya kompresa iliyofungwa kwa kamba za mpira. Friji hiyo ndiyo ofisi yake. Anabebea chanjo za ng'ombe na kuku kwenda Longido na maboma ya huko ndani, na chanjo nyingi anazobeba zinataka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Zikipata joto, unachoma maji tu.

"Fundi, nikiwa barabarani friji inafanya kazi vizuri kabisa. Nikifika bomani nikazima gari, dakika kumi haziishi, nayo imezima. Nimenunua betri mpya, bado."

"Betri ya zamani uliipeleka wapi, Daktari?"

"Nimeiuza chuma chakavu."

Nikanyamaza. Betri ile huenda ilikuwa nzima.

Nilichukua mita, nikapima kwenye tundu la soketi la nyuma friji ikiwa imechomolewa: volti 12.4. Hapo mafundi wengi hufunga kazi. Unachomeka testa, taa inawaka, unamwambia mteja "moto upo". Moto upo kweli, lakini hujaubebesha chochote. Ni sawa na kusema gari lina nguvu kwa sababu limewaka likiwa gereji. Nikachomeka friji, nikasubiri kompresa ianze kunguruma, nikapima tena. Kwenye betri bado 12.4. Kwenye tundu, 10.8.

Volti 1.6 zimepotea kati ya boneti na mlango wa nyuma. Friji ile imetengenezwa ilinde betri ya gari: ikiona volti zimeshuka chini ya 11 na kidogo, inajizima ili usikwame porini. Kwa hiyo ilikuwa inatimiza wajibu wake kwa uaminifu, ila imeletewa habari za uongo. Injini ikiwaka, oltaneta, ile inayochaji betri, inasukuma volti 14 hivi, ukitoa 1.6 inabaki 12.4, friji imeridhika. Ukizima injini, uongo unaonekana.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote, na watu wachache wanakifanya. Chukua waya mrefu, ncha moja ishikize kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye mita. Mguu wa pili wa mita uguse chanya ya tundu la nyuma, mzigo ukiwa unafanya kazi. Mita haitakuonyesha 12. Itakuonyesha kile kilichopotea njiani peke yake. Kwa Daktari ilikuwa 0.9. Nikafanya hivyohivyo upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri: 0.7. Sasa najua pa kufungua.

Upande wa chanya, mtu alikuwa ameudaka moto wa redio nyuma ya dashibodi, akaupitisha chini ya zulia kwa waya wa spika, ule mwembamba wa rangi mbili, mita sita hadi nyuma. Maungio matatu, yote ya kusokota na tepu. Upande wa ethi, skrubu moja imekazwa juu ya rangi ya bodi la mizigo, na chini yake kutu. Halafu nilipofungua kisanduku cha fyuzi nikakuta fyuzi ya redio, iliyotakiwa kuwa ya ampea 10, imewekwa ya 30. Bila shaka ile ya 10 ilikuwa inaungua, mtu akachoka kununua fyuzi. Sisi mafundi, umeme tunauita "moto", na kwa fyuzi ya 30 juu ya waya wa spika uliolazwa chini ya zulia, jina lingekuja kutimia siku moja.

Hesabu yenyewe si ngumu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba, kwa kila mita moja una ukinzani wa ohm 0.0175 hivi. Zidisha kwa urefu wa kwenda na kurudi, gawanya kwa unene, zidisha kwa ampea. Friji ile ikifanya kazi inakula ampea 5. Ukitumia waya wa 0.75 kwa chanya na hasi, mita 6 kwenda na 6 kurudi, unapoteza volti 1.4 kabla hujagusa maungio mabaya. Ukiweka waya wa 6, unapoteza chini ya 0.2. Mzigo ni uleule, betri ni ileile. Mteja anayeniambia "niwekee tu soketi ya bei nzuri" simlaumu, maana soketi ndiyo anayoiona. Lakini kwa volti 12 pesa yako iko kwenye shaba.

Na hakikisha ni shaba kweli. Madukani siku hizi kuna waya nyingi za aluminiamu zilizopakwa shaba juu. Ukizitazama zinang'aa vizuri, bei nafuu, roli ni nyepesi. Mimi natembea na kisu kidogo. Nachuna nyuzi mbili tatu, nazikwaruza: ikitokea nyeupe ndani, namrudishia muuza duka roli lake kwa heshima. Kitu kingine, uliza unene wa shaba yenyewe, usikubali kipimo kinachohesabu na plastiki. Na usichukue waya wa nyumba wenye nyuzi chache nene. Ukutani hautikisiki, chini ya pikapu kwenye barabara ya makorongo utakatika, tena ndani ya plastiki ambako huoni.

Kwa Daktari niling'oa vyote. Nikaanza upya kwenye betri.

Kitu cha kwanza baada ya kichwa cha betri ni fyuzi, isizidi shubiri moja kutoka hapo. Kila sentimita ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi. Ikichubuka ikagusa chuma, hakuna kitakachoukata mpaka kitu kiyeyuke. Niliweka ya 30 kwa waya wa 6. Watu wanadhani fyuzi inalinda friji. Hapana, hiyo ya mbele inalinda waya, kwa hiyo unaipima kwa waya. Ndiyo maana kule nyuma, karibu na tundu, niliweka nyingine ya 15, kwa sababu tundu la mtindo wa kiwashia sigara halihimili zaidi ya hapo hata kama waya unaweza.

Njia ya waya ilinichukua muda kuliko vyote. Nilishuka nao pembeni ya injini upande usio na eksozi, nikafuata chesisi kwa ndani, ndani ya bomba la plastiki la mikunjo, nikiufunga kila baada ya shubiri mbili. Usiufunge kwenye bomba la breki, hata kama limekaa mahali pazuri panapokushawishi. Usipite juu ya tangi la mafuta. Kila tundu la bati unalopitisha waya lipate raba. Bati ni kisu kinachofanya kazi polepole, na mtikisiko ndio mkono wake. Kwenye ncha nilibana vichwa vya shaba kwa koleo lake maalumu, nikavalisha plastiki inayosinyaa kwa joto. Najua wengi tunapenda kulehemu waya kwa risasi. Mimi kwenye gari nimeacha: risasi inapanda ndani ya nyuzi, inazifanya ngumu kama kijiti, na pale ugumu unapoishia ndipo waya unapokatika.

Ethi nayo ilipewa waya wake wa 6 mpaka mbele. Bodi la mizigo la pikapu ni kipande cha peke yake kilichofungwa kwa bolti juu ya chesisi, katikati kuna rangi, matope na kutu. Kulitegemea lirudishe umeme ni kujitafutia simu za usiku. Mbele niliikaza kwenye bolti ya ethi ya kiwandani, ile inayoungana na hasi ya betri. Kama gari lako ni la miaka ya karibuni na kwenye kichwa cha hasi kuna kidubwasha chenye plagi ndogo, usikaze kitu juu yake: kile kinapima umeme unaoingia na kutoka, na ukikiruka kompyuta ya gari itakosea hesabu ya betri. Tumia ile bolti ya ethi ya mbele. Magari hayohayo mapya oltaneta zake hujishusha zenyewe ili kubana mafuta, kwa hiyo ukitaka kuchaji betri ya pili nyuma, waya mtupu hautoshi. Utahitaji chaja ya volti 12 kwenda 12 katikati. Hilux ya Daktari ni ya zamani, haina mambo hayo.

Ulibaki uamuzi wa relei, swichi inayowashwa kwa umeme. Kawaida naweka: miguu minne yenye namba, 30 inatoka kwenye fyuzi, 87 inakwenda kwenye mzigo, 86 inapata moto wa swichi ya ufunguo, 85 ethi. Ukitoa ufunguo, tundu la nyuma limekufa, hakuna atakayekumaliza betri kwa kuchaji simu za kijiji kizima. Lakini Daktari shida yake ni hasa wakati gari limezimwa. Tukakaa tukapiga hesabu. Friji inakula ampea 5 ikiwa inanguruma, na inanguruma kama nusu ya muda, basi weka 2.5 kwa saa. Saa nane ni ampea-saa 20 kwenye betri ya 70. Inavumilika kwa usiku mmoja. Usiku wa pili bila kuwasha gari, sitaki kuwepo. Betri ya kuwashia haikuumbwa kwa kunyonywa taratibu. Anayelala porini kila wiki aweke ya pili, ile ya kuchaji na kutumika mpaka chini, yenye relei ya kuitenga. Yeye alisema halali porini, anarudi mjini. Kwa hiyo nilimwachia moto wa moja kwa moja, bila relei, na friji yake ikawekwa ngazi ya kati ya ulinzi. Sasa kwa kuwa inaona volti za kweli, ikijizima ina sababu.

Tulipomaliza nilipima tena friji ikinguruma: betri 12.4, tundu 12.2.

Swali linalofuata huwa ni lilelile: "Fundi, si uniwekee na ya volti 230 kama ya nyumbani, nichomeke grinda?" Wamarekani wanayo ya umeme wa nyumbani kwao kutoka kiwandani. Toyota Tacoma ya mwaka 2005 ilikuja na soketi ndani ya bodi la nyuma, wati 400. Ford F-150 haibridi ya 2021 unaweza kuipata na mfumo wa wati 7,200, na Februari mwaka huohuo, baridi kali ilipozima umeme Texas, Ford iliwaomba mawakala wake wa huko wawaazime watu zile walizokuwa nazo. Lakini gari lile lina betri kubwa ya haibridi na mota chini yake. Hilux ya dizeli ya zamani ina oltaneta ya ampea 70 hadi 100 hivi, na hizo huzipati gari likiwa limesimama, injini inawaka bila kukanyagwa mafuta.

Inveta, kifaa cha kugeuza volti 12 kuwa 230, ya wati 1,000 ikivutwa yote inataka zaidi ya ampea 90 kutoka kwenye betri ya volti 12. Kwenye ule waya wangu wa 6 unapoteza zaidi ya volti tatu, inveta inapiga kelele na kujizima, kama fyuzi haijatangulia kukata. Utahitaji waya wa 35, nene kama kidole kidogo, na fyuzi yake. Ukinisikiliza, inveta iweke karibu na betri au nyuma ya kiti, mahali pakavu penye hewa, halafu peleka nyuma umeme wa 230, ambao kwa kazi ileile ni ampea 4 na kidogo. Hapo waya wa nyaya tatu wa kawaida unatosha, ila tundu liwe la nje lenye mfuniko wa kuzuia maji, na chesisi isitumike kamwe kama njia ya kurudisha umeme wa 230. Na iwe inveta ya wimbi safi, linalofanana na umeme wa nyumbani, kama unachomeka kitu chenye mota. Kwa grinda ya kutwa nzima mimi nakwambia nunua jenereta, hata kama napoteza kazi.

Nilisahau Canter. Wenye Canter wakija, pima kwanza: nyingi ni volti 24, na friji ya 12 tupu ukiichomeka hapo utaijua kwa harufu.

Daktari amerudi baada ya mvua za masika, si kwa ubaya. Mfuniko wa tundu ulikuwa umepotea, ameziba kwa kipande cha mpira wa tairi la ndani alichokichonga mwenyewe kwa kisu cha upasuaji. Kimekaa sawasawa, ndani hakuna hata tone. Nikamwachia hivyohivyo.